Kunyanyua pikipiki nyumbani: stendi kubwa, jeki ya gari au stendi ya padoki?

Wakuu, wiki iliyopita jirani alinipigia hodi asubuhi na swali moja tu, anunue jeki au amwambie fundi wa kuchomelea amtengenezee ile stendi ya padoki (ya umbo la U, inayoinyanyua pikipiki kwa nyuma), manake amechoka kupeleka pikipiki kwa fundi kila akitaka kukaza cheni au kubadilisha breki shuu. Nilitaka nimjibu kwa neno moja nikashindwa, tukakaa barazani mpaka chai ikapoa. Yale niliyomwambia naandika hapa, manake naona vijana wengi wanajifundisha ufundi kwa video za simu, mule kwenye video sakafu ni vigae na pikipiki imefungwa juu ya meza ya umeme, afu wao wako kwenye uwanja wa mchanga kama wangu huku Kigamboni.

Mimi natumia Boxer 150, huu mwaka wa saba, na mdogo wangu ana KTM Duke 200 ambayo nayo naifanyia kazi hapahapa nyumbani. Kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyovitumia kwa mikono yangu, na kimoja nilichokitumia mpaka kikaniumiza.

Bodaboda nyingi za kwetu, Boxer, TVS HLX na wenzake wa cc 100 mpaka 150, zinacheza kwenye kilo 110 mpaka 130 hivi. Watu wawili wanainyanyua na kuipakia kwenye kirikuu bila shida. Ngoma inaanza ikishakuwa juu afu wewe umechuchumaa pembeni yake na spana kubwa unavuta nati ya ekseli (kile chuma kinachopita katikati ya tairi) kwa nguvu zako zote, nati imeshika kutu miaka miwili, ikiachia ghafla pikipiki yote inatikisika, na hapo ndo unajua kama kilichoishikilia ni cha kuaminika. Kwa hiyo ukilinganisha hivi vifaa usiulize kipi kinanyanyua kilo ngapi, uliza kinavumilia kusukumwa kwa upande gani.

Na jambo moja kabla ya yote, ambalo lingeokoa watu wengi hata wasingenunua kifaa chochote: legeza nati za ekseli wakati tairi bado ziko chini. Usizifungue, zilegeze tu robo mzunguko, afu ndo unyanyue. Nguvu yote kubwa unaimaliza pikipiki ikiwa imekaa kwa miguu yake, kule juu inabaki kazi ya vidole.

Stendi kubwa, ile uliyonayo tayari

Kama pikipiki yako ina stendi kubwa ya katikati (dabo stendi kama wanavyoita wengine) basi nusu ya swali limeshajibiwa. Tairi la nyuma linakuwa hewani, unasafisha cheni, unapima ulegevu wake, unatoa tairi la nyuma, unafungua habu na kubadilisha breki shuu, unaziba pancha, unabadilisha oili. Tena oili inapimwa vizuri pikipiki ikiwa wima sehemu tambarare, ukiipima imeegemea stendi ndogo kijiti kitakudanganya.

Watu wengi wanaiogopa hii stendi kwa sababu wanajaribu kuinyanyua pikipiki kwa mikono, mgongo unauma wanaacha. Haiendi hivyo. Simama kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia shika keria au ile chuma ya nyuma ya siti, kanyaga stendi mpaka usikie miguu yake YOTE MIWILI imegusa chini, hapo pikipiki inakuwa imesimama wima yenyewe, afu weka uzito wako wote juu ya ule mguu unaokanyaga, kama unapanda ngazi. Mkono wa kulia unaiongoza tu kurudi nyuma na juu. Mke wangu ana kilo 58 na anaipandisha Boxer bila msaada. Ila vaa viatu, siyo ndala, ndala inateleza kwenye kile chuma na stendi ikirudi inakata kifundo.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Ya kwanza ni mbele: stendi kubwa inajikunja pikipiki ikisogea mbele. Hivyo ndivyo unavyoitoa ukitaka kuondoka, unaisukuma mbele inashuka, sasa na wewe ukivuta spana kuelekea mbele kwa nguvu umefanya kitu kilekile bila kukusudia. Dawa yake ni mpira wa tyubu au mkanda, funga kutoka kwenye stendi kwenda kwenye tairi la mbele au bomba la fremu la mbele, kaza, stendi haiwezi tena kujikunja. Ni dakika moja, mimi siifanyi kazi yoyote ya tairi la nyuma bila huo mkanda.

Ya pili ni ardhi. Kwenye mchanga mguu mmoja unazama kuliko mwingine, unaondoka kidogo kwenda kunywa maji unakuta imelala. Weka ubao mpana chini ya stendi, ule wa jukwaa la ujenzi unafaa sana, mrefu wa kubeba miguu yote miwili kwa pamoja. Vipande viwili tofauti usiweke, kila kimoja kitazama kivyake.

Tairi la mbele sasa, hapo stendi kubwa peke yake haitoshi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi imelalia mbele, ukichomoa ekseli ya mbele shokapu zinashuka mpaka chini na pikipiki inainama. Kwa kucheki tu beringi au kuona usukani kama una mlegeo unaweza kufunga madumu mawili ya maji ya lita 20 kwenye keria, kilo 40 zile zinaivuta nyuma na tairi la mbele linaelea, unalishika juu na chini unatikisa. Kama kinagonga, beringi zimeisha. Ila kwa kutoa tairi kabisa unahitaji kitu chini ya injini, na hapo ndo tunakuja kwenye jeki.

Jeki ya gari

Naongelea ile ya mkasi, inayolala kwenye buti la IST au Vitz, unaizungusha kwa mkono wa chuma inafunguka. Kwenye maduka ya spea za mtumba zimejaa, na inawezekana shemeji yako anayo na haitumii. Wengine wananunua ile ya mafuta, fupi nene kama chupa, wakidhani ni bora kwa sababu inanyanyua tani mbili. Kwa pikipiki mimi nasema chukua ya mkasi. Ya chupa hata ikiwa imeshuka kabisa bado ni ndefu, ukiongeza na ubao juu mara nyingi haiingii chini ya injini, afu kichwa chake ni kidogo kama kifuniko cha dumu, uzito wote unakaa kwenye kiduara kimoja. Ya mkasi inalala chini kabisa, inapanda taratibu, na ukiacha kuzungusha inabaki palepale, haina mafuta ya kuvuja ikashuka yenyewe.

Lakini, na hili nalisema kwa herufi kubwa: JEKI PEKE YAKE HAISHIKILII PIKIPIKI. Gari ina tairi tatu nyingine zinazobaki chini, pikipiki ukiinyanyua kwa jeki moja katikati umeiweka juu ya ncha ya kisu, itachagua yenyewe ilale kushoto au kulia. Jeki ni msaidizi wa stendi kubwa. Kwanza stendi kubwa, mkanda umefungwa (hapa usifunge kwenye tairi la mbele kwa sababu unalitoa, funga kwenye bomba la fremu), afu jeki inaingia chini ya injini kwa mbele na ubao mgumu wa inchi moja juu yake.

Ubao unakaa wapi? Inama uangalie. Kuna pikipiki ambazo bomba za fremu zinapita chini ya injini, hizo rahisi, ubao unalalia bomba. Nyingine injini yenyewe ndo iko chini kabisa, hapo tafuta sehemu pana na nene ya kasha la injini, usiweke juu ya nati ya kumwagia oili, usiweke kwenye mapezi ya kupozea, na bomba la eksozi usiliguse kabisa, kwenye Boxer linashuka mbele na kukatiza upande wa kulia kwa hiyo ubao unakaa kushoto yake kidogo. Kasha la injini ni aluminiamu, likipasuka huchomelei kirahisi, na chuma cha jeki bila ubao kinaweza kulipasua.

Nyanyua kidogo tu. Tairi la mbele likiacha ardhi kiasi cha kidole kimoja kupita, simama. Watu wanazungusha mpaka linaelea juu, kumbe mbele ikipanda sana tairi la nyuma linagusa chini na stendi kubwa inaanza kuachia ardhi, sasa umebaki na pikipiki inayoyumba juu ya jeki. Kidole kimoja kinatosha, tairi linatoka kwa kulisogeza mbele na kulishusha chini, na kama eneo la mbele lina mchanga chimba kidogo pale chini ya tairi badala ya kuongeza jeki.

Stendi ya padoki

Hii ndo ile wanayoitumia kwenye mbio, ina umbo la herufi U, inaingia kwa nyuma, inashika swingamu pande zote mbili (ule mkono unaobeba tairi la nyuma), ukikandamiza mpini wake chini pikipiki inapanda. Kwa mwenye pikipiki isiyo na stendi kubwa, kama hiyo Duke ya mdogo wangu, hii siyo anasa, ni lazima. Duke 200 hata jeki haisaidii manake eksozi yake imejazana palepale chini ya injini, huna pa kuegemeza.

Uzuri wake ni upana. Miguu yake iko mbali mbali kwa hiyo kusukumwa kwa upande inavumilia kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii, unaweza kukaa kabisa na mtoto wako ukamfundisha kusafisha cheni, tairi linazunguka huru kwa mkono. Nasema kwa mkono. Naona watu wanawasha injini, wanaweka gia, cheni inajizungusha yenyewe wao wameshika tu kitambaa. Wakuu tafadhali sana, kitambaa kikimezwa na sproketi (lile duara la meno linalobeba cheni) kinakwenda na vidole, hupati muda wa kuvuta mkono. Injini izimwe, gia iwe nyutro, tairi lizungushwe kwa mkono na kurudi nyuma, siyo mbele.

Ubaya wake ni ule muda wa kupandisha na kushusha. Pikipiki lazima uishike wima huku unatafuta swingamu kwa nyuma, na mtu mmoja ana mikono miwili tu. Mara kumi za kwanza tafuta mtu akushikilie usukani, tena mwambie asimame upande wa kushoto aegemeze nyonga yake kwenye tanki, siyo ashike kwa vidole. Ukizoea utaweza peke yako, mkono mmoja keria mwingine mpini. Ikishapanda funga breki ya mbele kwa mpira wa tyubu ili tairi la mbele lisitembee.

Fundi wa kuchomelea yeyote mzuri anaitengeneza, ila usimpe picha ya simu ukaondoka. Peleka pikipiki yenyewe apime upana wa swingamu, tumia bomba la mraba lenye unene wa angalau milimita 2, magurudumu ya geti dogo yanafaa, na zile pembe zinazoshika swingamu zivalishwe mpira wa tairi kuukuu uliofungwa kwa boliti. Kwa wenye Boxer na nyingine zenye breki ya nyuma ya fito, angalia pembe ya kulia isikandamize ile fito ya breki, ikipinda breki yako imekufa na hutajua mpaka siku unaihitaji. Na kwenye mchanga padoki haifai kabisa, magurudumu yake yanazama. Inataka saruji au ubao mkubwa.

Kuna za mbele pia. Za kushika chini ya shokapu zinatosha kutoa tairi, za kushika kwenye tundu la chini ya usukani zinakuruhusu kutoa hata shokapu zenyewe. Zote mbili zinakuja baada ya ya nyuma, usianze na mbele hata siku moja.

Stendi ndogo na gogo

Hii mnaijua wote, unaiegemeza pikipiki kwenye stendi ndogo, unaivuta ilale kushoto zaidi mpaka tairi la nyuma liache ardhi, mwenzako anachomeka gogo au tofali chini ya swingamu upande wa pili. Mafundi wa kijiweni wanaifanya kila siku na siwalaumu, wana kazi ishirini na wateja wanawakimbiza.

Mimi niliifanya nyumbani mwaka 2019 kwa tofali la saruji. Nimetoa tairi la nyuma, narudisha, nikagonga ekseli kwa nyundo iingie, tofali likapasuka katikati kama biskuti. Saruji haipindi kwanza ikakupa ishara, inaachia yote mara moja. Ikanilalia kwenye mguu, eksozi ilikuwa bado ya moto, nilichechemea wiki tatu na kovu ninalo mpaka leo. Kama huna budi basi tumia gogo la mti mgumu, siyo tofali, siyo jiwe, siyo kreti la soda lililopigwa jua miaka mitano manake plastiki ile inakuwa inameguka kwa mkono. Funga breki ya mbele kwa mpira, na tumia kwa kupaka cheni mafuta tu. Kutoa tairi hapana, maana uzito unakuwa kwenye boliti moja ya stendi ndogo.

Zilizobaki

Kuning'iniza kwa kamba: kama una mwembe wenye tawi nene kama paja la mtu mzima, mkanda wa kukaza wa malori kuzunguka shina la usukani unanyanyua mbele vizuri sana na shokapu zote mbili unazitoa. Usifunge kwenye ncha za usukani, utazipinda, na hakikisha mkanda haubani nyaya za taa wala waya wa klachi. Kenchi ya bati ya nyumba usijaribu, zile mbao zimewekwa kubeba bati na upepo, hazikupigiwa hesabu ya pikipiki.

Jeki maalumu ya pikipiki, ile pana yenye mikono miwili na pedali ya mguu, ndugu zetu walioko Marekani na Uarabuni wanaisifia sana. Nyingi zimeandikwa kilo 680, kwa hiyo uzito wa Boxer si kitu kwake. Tatizo mikono yake imeachana kwa ajili ya mapikipiki makubwa yenye bomba mbili pana chini, chini ya injini ya cc 150 haipati pa kukaa vizuri. Kama una pikipiki kubwa ya kusafiria, nunua. Kama una bodaboda hela hiyo nunulia tairi mpya mbili.

Kuilaza ubavu: hii hata barabarani iwe ya mwisho kabisa. Petroli inavuja kwenye kabureta na kifuniko cha tanki, oili inaingia kwenye kisafisha hewa, maji ya betri yanamwagika kama betri ni ya kujaza. Na nyumbani kwetu jiko la mkaa liko hatua kumi kutoka hapo. Funga koki ya mafuta kama umelazimika, na moto usiwepo karibu.

Sasa wewe uchukue ipi

Jirani yangu ana HLX yenye stendi kubwa na ua wake una saruji. Nimemwambia asinunue padoki, hela hiyo inatosha jeki ya mkasi ya mtumba, ubao mmoja na mkanda wa kukaza, na chenji inabaki. Atafanya kazi zote za tairi mbili. Mwenye uwanja wa mchanga kama mimi, jibu ni hilohilo ila ubao uwe mrefu zaidi, na jeki nayo ipate ubao wake chini, siyo juu tu.

Kama pikipiki yako haina stendi kubwa, Duke, R15 na hizo nyingine za vijana, tengeneza padoki ya nyuma na usimwage hata sentimita moja ya saruji kwa kitu kingine kabla hujapata mita mbili za kuiwekea hiyo. Ya mbele subiri mpaka uihitaji kweli.

Mama mmoja wa mtaani kwetu anayeendesha pikipiki kupeleka mayai aliniuliza kama kuna njia ya mtu mwenye mgongo mbovu. Ipo, ni stendi kubwa na kipande cha ubao wa sentimita mbili chini ya tairi la nyuma. Panda tairi juu ya ubao kwanza, miguu ya stendi ikae chini pembeni, umbali wa kunyanyua unapungua na mgongo haufanyi kazi. Tairi likiwa hewani unavuta ubao.

Na mtoto asiwe upande ambao pikipiki inaweza kulala. Wangu wana mstari wa chaki kwenye kibaraza, baba akishika spana hawauvuki.

Kushusha ni kinyume cha kupandisha na ndo watu wanaumia, manake kazi imeisha na akili imeshahamia kwenye chakula. Tairi irudi, nati zikazwe kwa mkono, jeki ishuke KWANZA mpaka tairi la mbele ligonge chini, jeki itoke kabisa na ubao wake, ndo ufungue mkanda wa stendi, siyo kabla. Simama kushoto, stendi ndogo iwe tayari imefunguliwa, mkono kwenye breki ya mbele, sukuma mbele taratibu. Ikishakaa chini kaza nati za ekseli kwa nguvu sasa, afu kanyaga breki ya nyuma na bana ya mbele mara kadhaa mpaka zishike, ndo uwashe. Shemeji yangu alisahau hiyo ya breki, akalijua tatizo lake getini.